Nyumba ya Kalunguyeye

Mwataka kufuga kalunguyeye? Tengenezeni nyumba kwanza, ndipo mumlete.

Chukueni sanduku pana lenye kuta laini asizoweza kupanda, na matundu ya hewa juu. Tandikeni karatasi zilizochanwa. Wekeni na kisanduku cha kujifichia, kwa maana yeye hulala mchana, huamka usiku. Msiweke wawili pamoja, watapigana. Mpeni wadudu na maji. Maziwa humwumiza tumbo.

Lililo kubwa ni joto: lisipungue digrii 24. Akishikwa na baridi hujikunja na kulegea. Msidhani amelala tu, aweza kufa. Mfunikeni nguo karibu na chupa ya maji ya vuguvugu.

Porini hujitafutia shimo lenye joto. Sandukuni hana ila mlilompa.