Matembezi ya Baridi Kando ya Mfereji

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Methali hiyo ni ya watu wasiojua theluji, lakini ukweli wake huonekana wazi sana katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Huko, katika miezi ya Desemba na Januari, watu hukusanyika kwa vikundi, kila mmoja na mbwa wake, wakatembea kando ya mfereji uliofunikwa na theluji. Askari aliyepelekwa nchi hiyo kwa mafunzo, au mwenye ndugu afanyaye kazi huko, huenda siku moja akaalikwa katika matembezi hayo. Yafaa ayajue mambo yake kabla ya kufunga kamba za viatu.

Mfereji wenyewe huitwa Leeds and Liverpool. Ulianza kuchimbwa mwaka 1770 na kukamilika mwaka 1816, na urefu wake ni maili 127, yaani kilometa 204 hivi. Ulipoanza kuchimbwa hapakuwa na magari ya moshi wala malori. Makaa ya mawe, chokaa na sufu vilichukuliwa kwa mashua ndefu zilizovutwa na farasi, naye farasi alikwenda juu ya njia iliyosawazishwa ukingoni. Majini farasi mmoja aliweza kuvuta mzigo ambao barabarani asingeweza hata kuutikisa. Leo farasi hao hawapo, na mashua za mizigo zimekwisha, lakini njia yao imebaki, nayo ndiyo wapitayo watu na mbwa. Tangu mwaka 2012 mfereji huo, pamoja na mingine mingi ya nchi hiyo, hutunzwa na shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust.

Mwendo mmoja upendwao ni ule wa kutoka mji wa Bingley hadi kijiji cha Saltaire, maili tatu hivi. Bingley kuna vyumba vitano vya maji vyenye milango mikubwa, vimepangwa kama ngazi, ambavyo tangu mwaka 1774 hupandisha na kuteremsha mashua kimo cha mita 18 hivi. Saltaire ilijengwa na tajiri wa sufu, Titus Salt, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake kilichofunguliwa mwaka 1853. Sehemu kubwa ya njia ni tambarare, kwa hiyo wazee na watoto huimudu.

Kikundi chema hutembea kama doria. Yuko kiongozi wa mbele aijuaye njia, na yuko mlinzi wa nyuma ambaye hapana mtu aruhusiwaye kubaki nyuma yake. Watu huhesabiwa wanapoondoka, wanapopumzika na wanapofika. Mwendo hupimwa kwa mguu wa aliye mnyonge kuliko wote, si kwa mguu wa kijana. Saa nazo huangaliwa, kwani mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Aondokaye adhuhuri bila kurunzi hujitafutia giza.

Mavazi hupangwa tabaka juu ya tabaka. Nguo nyepesi tatu hutunza joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake ndiyo izuiayo baridi. Soksi ziwe za sufu, viatu viwe na nyayo zenye meno, na kichwa na mikono vifunikwe. Chupa ya chai ya moto haikosi katika mfuko wa mama mwenye busara.

Mbwa naye ana haki zake. Theluji huganda kati ya vidole vyake ikawa vigololi vinavyomwumiza, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu humwasha nyayo. Akirudi nyumbani, miguu yake huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa vema. Mbwa mdogo au mzee huvishwa koti. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kamba: karibu na maji yaliyoganda, mbwa hafunguliwi.

Sababu yake ni hii. Theluji ikifunika barafu, jicho haliwezi kutambua unene wake, wala halioni ukingo unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Mbwa humwona bata, akarukia katikati ya mfereji, na barafu ikavunjika. Mwenyewe, kwa huruma, humfuata. Mara nyingi mbwa hujikokota akatoka, ilhali bwana wake huzama. Kosa si upendo. Kosa ni kusahau kwamba mtu ni mzito kuliko mbwa.

Wengine hujidanganya kwamba mfereji si wenye kina kirefu. Lakini auaye hapo ni baridi kabla ya kina. Mtu atumbukiapo katika maji ya barafu huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia, na kinywa kikiwa chini ya maji, huvuta maji. Baada ya dakika chache tu vidole na mikono hulegea, hata aliye hodari wa kuogelea hushindwa kujiinua ukingoni.

Tarehe 11 Desemba 2022, watoto walitumbukia katika ziwa lililoganda mjini Solihull, katikati ya Uingereza. Wanne wakafa, wote wavulana wa umri wa miaka 6 hadi 11. Miongoni mwa polisi waliofika kuokoa, mmoja alijaribu kuivunja barafu kwa ngumi zake. Ushujaa ulikuwapo, na hata hivyo watoto hawakupona. Msiba huo wafundisha kwamba kuzuia ni rahisi kuliko kuokoa.

Ajali ikitokea, asiyetumbukia abaki nchi kavu. Kwanza apige simu 999, namba ile ile ya polisi wa Uganda, aseme mahali kamili. Kisha alale kifudifudi ukingoni, amrushie mwenzake kamba, skafu au tawi refu, na kumwambia atulie kwanza hadi pumzi irudi, kisha apige miguu na kurudi upande alikotokea, kwa kuwa huko barafu ilikwisha kumbeba. Akitolewa, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe mablanketi, alazwe, na asisuguliwe mikono wala miguu. Pombe asipewe hata kidogo: humfanya ajione ana joto, kumbe damu yapelekwa kwenye ngozi na joto la mwili lapotea.

Nchini Uganda theluji iko juu ya milima ya Rwenzori tu, na hapana mfereji ugandao. Lakini Ziwa Victoria liko, Mto Nili uko, na mabwawa yako karibu na kambi nyingi. Mtoto afuataye mpira majini na mama amfuataye mtoto, bila kujua kuogelea, huingia katika mtego ule ule wa mwenye mbwa. Askari wa kikosi cha mbwa hufundishwa kwamba kamba haiachwi mkononi bila amri. Na kila nyumba iliyo karibu na maji iwe na kamba yake ndefu, itundikwe mahali pajulikanapo na wote, na watoto wafundishwe mapema: kwanza ita watu, kisha rusha kamba, wala usimfuate azamaye. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.