Rula ya Karani

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa pamba ulipofika, daftari lake la mizani lilijaa majina yaliyofanana, maana huku Usukumani akina Masanja na akina Maganga hawaishi. Hakuandika tarakimu hata moja kabla ya kuweka rula ya mbao chini ya mstari aliokuwa akiushughulikia. Mkulima akimkatiza kwa swali, aliinua uso, akajibu, kisha akarudi palepale. Sikumsikia mtu akimcheka kwamba karani mzima anahitaji rula.

Nimeikumbuka rula hiyo kwa sababu ya ubishi nilio nao na waandishi wenzangu wa programu za kompyuta. Programu huandikwa kwanza kama maandishi ndani ya kihariri, kisha kompaila huyasoma maandishi hayo na kutoa orodha ya makosa. Semikoloni moja ikisahauliwa, orodha yaweza kujaza kioo kizima. Kihariri kizuri hukupeleka, kwa kubonyeza tu, hadi kwenye mstari wenye kosa la kwanza, la pili, la tatu. Swali langu ni dogo: katika orodha ile, ujumbe upi ndio ninaoushughulikia sasa? Kwa nini usipakwe rangi?

GNU Emacs, kihariri ninachotumia, kilitolewa mwaka 1985. Chaguo la kuupaka rangi ujumbe wa sasa lilikuja na toleo la 28, mwaka 2022. Miaka thelathini na saba! Na hata lilipokuja, lilikuja likiwa limezimwa. Wenzangu wanasema kishale kidogo kilichopo pembeni kushoto kinatosha, na kwamba rangi ni mapambo ya wanagenzi.

Nami nilisema hivyohivyo, mpaka nilipoandika programu ya malipo ya pamba. Ilikuwa na sehemu mbili zilizofanana sana, moja ya wakulima waliokopa pembejeo, nyingine ya wasiokopa. Kompaila ilionya kwamba katika zote mbili makato yamekokotolewa lakini hayakutumika. Kwa waliokopa, hilo lilikuwa kosa la kweli: nilisahau kuyatoa kwenye malipo. Kwa wasiokopa makato ni sifuri, kwa hiyo mstari ule ulikuwa wa kufutwa tu. Ilikuwa usiku, nilibonyeza mara moja zaidi, na kioo cha kompyuta yangu kuukuu hakikunionyesha kishale. Nikarekebisha sehemu ya wasiokopa nikidhani niko kwa waliokopa. Onyo moja likabaki. Nikaliona ndilo lile lisilo na madhara, nikafuta mstari wake. Kompaila ikanyamaza.

Waliokopa wakalipwa bila kukatwa. Kosa lilipogunduliwa, mama mmoja alikuwa amekwisha nunua mabati. Mimi ndiye niliyekwenda kumweleza kwamba sehemu ya fedha ile haikuwa yake. Alinisikiliza akiwa amesimama chini ya paa jipya, akaniuliza kama mabati yanarudishwa dukani yakiwa na matundu ya misumari.

Hoja ya mwisho ya wenzangu ndiyo inayoniudhi zaidi: anayetaka rangi na aiwashe mwenyewe. Atawashaje kitu asichojua kwamba kipo? Mzoefu wa miaka ishirini anaweza kuitafuta katika maelezo, lakini yeye ndiye mwenye shida ndogo. Vijana ninaowafundisha hapa Ibadakuli wamezaliwa katika Kisukuma, wakasoma katika Kiswahili, na ujumbe wa kompaila huwajia kwa Kiingereza. Wanausoma neno kwa neno, wanageukia kamusi, wanarudi kwenye orodha, na mistari yote imefanana. Dar es Salaam wataalamu walikwisha kututafsiria programu za ofisi kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, na nawashukuru. Lakini rangi chini ya mstari haihitaji hata kutafsiriwa.

Siku hizi, kabla ya kumkabidhi kijana mashine, naiwasha mimi. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza kwa nini kompyuta ya nyumbani kwao haina mstari ule wa njano, na kama imeharibika.