Umeacha ugali, umehamia kwenye soseji (Sehemu ya 4)

Mama mwenzangu, leo naongea na wewe uliyeamua kukata wanga. Sina ugomvi na uamuzi wako. Wapo wanaopungua vizuri kwa kupunguza ugali, wali na chapati, na wapo wenye kisukari cha aina ya pili ambao sukari zao hutulia. Ugomvi wangu ni hiyo sahani: soseji tatu asubuhi, salami mchana, bekoni jioni, halafu unaniambia, "Nesi, si hazina wanga?"

Nani kakuambia hazina? Geuza pakiti usome. Soseji nyingi za bei rahisi zinaongezewa unga wa ngano, wanga wa mahindi au soya ili zijae. Yaani umekwepa ugali ukaulipia unga kwa bei ya nyama.

Sasa hapa soma taratibu. Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Watu wakapiga kelele kwamba soseji ni sawa na sigara. Hapana. Kundi linaonyesha ushahidi una uhakika kiasi gani, halipimi ukubwa wa hatari. Makadirio yao ni kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18 hivi, ukilinganisha na asiyekula. Gramu 50 ni kama soseji moja. Ukila moja kwenye birthday ya mtoto, kula kwa amani. Shida ni hilo neno "kila siku", na hii diet yako ndiyo inayolileta.

Halafu chumvi. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Gramu 100 za soseji mara nyingi zina karibu gramu 2. Kama ulipata presha wakati wa mimba, hili linakuhusu zaidi, maana uwezekano wa presha kukurudia ukubwani ni mkubwa kuliko wa wenzako.

Na wewe unayetumia insulini au glibenklamidi, usikate wanga kimyakimya. Dawa inabaki ileile, chakula kimepungua, sukari inashuka mpaka unaanguka. Ongea kwanza na daktari wako apange dozi upya.

Unataka protini bila wanga? Mayai. Dagaa, ambao ukiwala na mifupa yao unapata na kalisi. Samaki, kuku, nyama ya kawaida ya buchani. Weka matembele au mchicha wa kutosha na nusu parachichi. Utashiba, na kwa sehemu nyingi hela itabaki.

Kingine, jamani, diet ni yako. Mtoto anakua, mwachie ugali na ndizi zake. Na kile kisoseji cha mviringo unachomkatia vipande vya duara vinaweza kuziba koo lake sawasawa. Aliye chini ya miaka minne, kama ni lazima ale, pasua kwa urefu kwanza, kisha katakata vipande vidogo.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi: juisi za boksi.