Wana-Mwakirunge, Tuifikishe Kesi Shanzu

Mahakama ya kwanza nchini Kenya iliyotengwa kwa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia haikuwekwa Nairobi. Jaji Mkuu Martha Koome aliizindua Machi 2022 hapo Shanzu, ndani ya Kisauni yetu, Mombasa. Mahakama iko karibu, na bado mtoto wa kwetu akinajisiwa, kesi hufia nyumbani kabla haijapata hata namba ya OB, kitabu cha matukio, katika kituo cha polisi.

Tunajua jinsi inavyofia. Mkosaji ni mjomba, ni jirani, ni kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shule. Wazee wa pande mbili wanaitana usiku. Inatajwa pesa ya hospitali, inatajwa mbuzi, na msichana akiwa amevunja ungo, inatajwa ndoa. Asubuhi mama anaambiwa yamekwisha, asiaibishe ukoo. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mamlaka hayo hamna. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumpa baba, shangazi wala mzee wa mtaa uwezo wa kuifuta kesi ya namna hii. Uamuzi wa kusimamisha mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hukumu yake ni kifungo cha maisha. Kosa la uzito huo halilipiki kwa mbuzi.

Na usiku ule wa vikao ndio unaoua ushahidi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zianzwe ndani ya saa 72. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi badala ya plastiki. Apelekwe hospitali kwanza; Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Fomu ya P3, ile ya polisi anayoijaza daktari, ni ya bure, na anayekutoza ili akupe ashtakiwe.

Tuseme tumevuka yote hayo, tumefika Shanzu. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hakimu si mtu wa kwanza ambaye mama wa Mwakirunge hukutana naye. Hukutana na askari wa langoni, kisha karani wa masijala. Karani akiuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Kesi ya kunajisi ni ya nani?", mama huyo hatarudi siku ya pili. Mtoto akiketishwa benchi moja na watu wa mshtakiwa, maneno yatamkaukia kabla hajaitwa. Sheria inaruhusu shahidi mdogo akingwe asimwone mshtakiwa, asemewe na mtu anayemwamini, na kesi isikizwe faraghani. Ruhusa hiyo haina faida pale mfanyakazi wa zamu asipoijua, au anapoijua na kuona ni usumbufu.

Kazi ya kutafsiri ni nzito zaidi. Watoto wetu wengi nyumbani wanazungumza Kigiriama au Kiduruma, na rekodi ya mahakama inaandikwa kwa Kiingereza. Katikati amesimama karani. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", karani asiyefunzwa ataandikisha kwamba mtu alikuwa na adabu mbovu, na mashtaka yatayumba. Mahakama ya Rufaa imekwisha kutambua kwamba ndivyo watoto wanavyotaja kunajisiwa. Basi mafunzo yanayotolewa kwa majaji na mahakimu yawafikie karani, mkalimani na askari wa kortini, tena yarudiwe, maana wafanyakazi huhamishwa na wageni huja.

Haya si ya kuomba kwa unyonge. Katiba ya 2010, kifungu cha 50(9), iliagiza haki za waathiriwa zitungiwe sheria, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ikapatikana 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki katika kesi kupitia wakili wake. Na kama kuna anayedhani wanyonge hawasikizwi, akumbuke Meru, Mei 2013: wasichana walionajisiwa waliishtaki polisi kwa kupuuza malalamishi yao, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda pamoja.

Sisi pia twende pamoja. Kila kituo cha mahakama kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, inayoongozwa na jaji au hakimu mkuu wa kituo, na raia wana nafasi ya kusikika humo. Katika baraza la chifu linalokuja, tuulize nani anaisemea Mwakirunge kwenye kamati ya Shanzu. Kama hakuna, tumchague mama anayeaminika, tumpeleke, na ajenda yake ya kwanza iwe mafunzo ya makarani na chumba cha watoto kusubiria. Barua iandikwe, inakiliwe, ipigwe muhuri wa kupokewa.

Vyama vya kina mama, tunachangia matanga na harusi bila kusukumwa. Tuchange pia nauli ya mlalamishi, kwa sababu kesi huahirishwa na kila kuahirishwa ni siku ya kibarua iliyopotea. Anayeokota taka jaani hapa kwetu hawezi kupoteza siku tano peke yake. Siku ya kusikizwa, watu wawili wamsindikize, wakae nyuma yake kortini. Maimamu na wachungaji, lisemeni hili Ijumaa na Jumapili. Walimu, msinyamaze mtoto akibadilika darasani.

Na usiku wa leo, kama kuna nyumba ambako kikao cha kumalizana kinaendelea, toka nje upige simu: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa mtoto. Zote hazilipishwi.