Kijana, usiwape sababu: Egesha vizuri, kisha dai haki yako

KIJANA wa mjini, wewe unayeshika usukani wa teksi, bajaji au bodaboda, tahariri ya wiki hii ni yako. Tunazungumzia shilingi zinazochomoka mfukoni mwako kila unaposimamisha chombo mahali pasiporuhusiwa, hasa kwenye kona za makutano ya barabara na kwenye njia za kuingilia uwanja wa ndege.

Wapo watakaosema gazeti la upinzani limeishiwa hoja mpaka linafundisha watu kupaki. Waseme. Siasa inayosahau tumbo la mlalahoi ni porojo za jukwaani tu. Na kama kuna mahali ambapo mlalahoi wa mjini anakutana na dola uso kwa uso, ni pale trafiki anapomwambia: "Zima, shuka, leta leseni."

Anza na hesabu. Faini ya papo kwa papo ya kosa la barabarani kwa gari iliwekwa shilingi 30,000. Kwa miaka mingi mwenye bodaboda alitozwa hizo hizo 30,000, sawasawa na mwenye lori la mizigo! Kelele zilipigwa, na mwaka 2021 Bunge la bajeti likaishusha faini ya pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Zingatia neno hilo, kosa moja. Ukikutwa umepaki kwenye kona na huna kofia ngumu, hayo ni makosa mawili. Wakati huo tajiri mwenye pikipiki hataki kusikia habari za trafiki. Hesabu yake ya jioni iko pale pale. Anayelala na deni ni wewe.

Sasa jiulize, kwa nini kona imekatazwa? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya kukukomoa. Mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Gari la mwendo huo linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja. Ukiweka bajaji yako kwenye kona ya Kariakoo au Buguruni, dereva anayetoka barabara ndogo haoni kitu. Inambidi achomoze pua ya gari mpaka katikati ndipo aone, na anapoona amekwisha chelewa. Anayegongwa mara nyingi si mwenye gari. Ni mwanafunzi anayevuka, mama mwenye ndoo ya samaki, au bodaboda mwenzako.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilirithiwa, kanuni yao ya barabara inamtaka dereva asiegeshe ndani ya mita 10 kutoka kwenye makutano. Kichukue hicho kuwa kipimo chako hata pale ambapo hakuna kibao. Ni kama urefu wa magari madogo mawili yaliyofuatana, au hatua 12 za mtu mzima. Kutembea hatua 12 ni bure. Kutozwa faini si bure.

Twende uwanja wa ndege. Tangu daraja la juu la Mfugale lifunguliwe pale Tazara mwezi Septemba 2018, magari ya Barabara ya Nyerere yanayonyoosha kwenda uwanjani yanapita juu ya makutano bila kusubiri taa. Yanakuja kwa kasi. Kusimama pembeni mwa barabara hiyo kusubiri simu ya abiria, eti ndege haijatua, ni kuchezea roho yako na za wenzako.

Na pale mbele ya milango ya abiria usikubali kudanganyika kwamba "ni dakika moja tu, kaka." Askari wa uwanjani hamwogopi mtu anayeshusha abiria, anaogopa gari lisilo na mtu. Ana sababu. Agosti 7, 1998, gari lililosheheni mabomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani hapa hapa Dar es Salaam, wakafa watu 11. Juni 30, 2007, watu walilivurumisha gari lenye mitungi ya gesi kwenye milango ya uwanja wa ndege wa Glasgow. Kwa hiyo kanuni ya mbele ya milango ni fupi: shusha, pakia, ondoka. Ukitaka kusubiri, ingia kwenye maegesho ya kulipia. Na kabla hujawasha gari mtaani, muulize abiria anakwenda jengo la pili au la tatu. Wengi hunaswa kwa sababu ya kuzubaa mbele ya jengo lisilo lao.

Jambo la tatu ni kujua nani anakudai. Ziko fedha za aina tatu, na wajanja hupenda kuzichanganya. Kuna faini ya trafiki, ambayo ni adhabu ya kosa. Kuna ushuru wa maegesho ya mitaani, ambao TARURA ilianza kuukusanya kwa mfumo wa kielektroniki mwezi Septemba 2021. Huo ni malipo ya nafasi, si adhabu, ila deni lake linafuata namba ya gari hata ukijifanya hukuona. Tena kuna ada ya maegesho ya uwanja wa ndege wenyewe. Anayekudai lazima akuambie anadai ipi kati ya hizo, na kwa kosa gani.

Ukikamatwa, usitukane wala usikimbie. Uliza kosa lako ni lipi. Omba karatasi au namba ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu. Piga picha ya chombo chako kilipokuwa, na picha ya mahali ambapo kibao kilipaswa kuwapo. Kama hukubali kosa, sheria haikulazimishi kulipa pale pale. Una haki ya kwenda mahakamani ukasikilizwe, na Katiba katika ibara ya 13 inailinda haki hiyo.

Ila usitoe "chai". Unadhani umeokoa 5,000, kumbe umenunua kamba ya kujifungia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Na ukishajulikana kuwa ni mtoaji, utasimamishwa kila siku hata ukiwa umepaki mbinguni. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Hayo ni yako. Yako pia ya wakubwa.

Mara ngapi umeliona shangingi lenye namba za STK limepandishwa kwenye kona, dereva analala ndani na kiyoyozi kinanguruma, na trafiki anapita kama kipofu? Hatua tatu mbele, bodaboda anapakiwa kwenye gari kupelekwa kituoni. Ibara hiyo hiyo ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Haisemi "isipokuwa wenye mashangingi".

Tunawataka wahusika wafanye mambo matatu. Wachore mistari na kusimamisha vibao kwenye kila kona wanayokamatia watu, maana kumtega mtu gizani si kulinda usalama. Watenge sehemu halali za bodaboda na bajaji karibu na masoko, vituo na uwanja wa ndege, kwa kuwa abiria wapo na kazi hii haitakwisha kwa kufukuzana. Na watangaze kila mwaka fedha za faini zilizokusanywa, na zimetengeneza barabara ipi.

Lakini, kijana, huwezi kudai hayo huku bajaji yako imeziba kivuko cha watoto wa shule. Atakayekusikiliza atakuonyesha kidole kwanza. Ondoa chombo kwenye kona leo, umwambie na mwenzako wa kijiweni aondoe. Tukishafanya hivyo, tuone watawala watatafuta sababu gani nyingine.