Povu la Sabuni Sio Cheti cha Maji

Niseme mapema tusipotezeane muda: maji magumu sio adui yako mkubwa. Adui yako ni yule anayejua kilicho ndani ya maji yako na hataki kukuambia.

Mji wetu huu mdogo wa Bonde la Ufa umezoea kulia kilio kimoja. Sabuni haitoi povu. Sufuria imeshika magamba meupe. Hita ya shawa imeungua tena. Githeri iko jikoni tangu asubuhi na mahindi bado ni mawe. Yote kweli, na inauma mfukoni. Ugumu wa maji ni kalsiamu na magnesiamu ambayo maji yameokota yakipita kwa mawe huko chini. Ikizidi miligramu 180 kwa lita, hayo yanaitwa magumu sana. Lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Maji magumu yanakula pesa yako, na hapo ndipo mambo yake yanaishia.

Sasa angalia tunapeleka wapi hiyo hasira. Mtu akichoka na bomba, anaanza kununua mitungi kutoka kwa kisima cha mtu fulani. Muulize kwa nini. "Hayo ni matamu, na yanatoa povu." Simama hapo.

Huku kwetu povu linaweza kukudanganya vibaya. Mawe ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na mengi yana floraidi. Kalsiamu ikiwa nyingi kwa maji, inaishika floraidi na kuibakisha chini. Kalsiamu ikiwa kidogo, floraidi inakuja nawe mpaka kwa kikombe. Kwa hivyo yale maji laini, yale ya povu jingi, mara nyingi ndiyo yamebeba floraidi zaidi. Sio kila kisima, lakini utajuaje chako? Haina rangi, haina harufu, na ulimi hauipati.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo, anayelipa ni mtoto wa chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Yatatoka na madoa, na ikiwa floraidi ni nyingi, yatakuwa ya kahawia maisha yake yote. Ukikunywa kiwango cha juu sana miaka mingi, inafika kwa mifupa na viungo. Hawa watu unawajua, umesoma nao. Wanacheka wakiwa wamefunika mdomo. Na bado kuna mtu mzima atamwambia huyo mtoto akapige mswaki vizuri, kama kwamba ni uchafu.

Utaambiwa uchemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu na kunapunguza ugumu wa aina fulani, ndiyo maana birika linashika magamba. Floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Dawa ya klorini pia haiigusi. Na yale magadi ya mawe unayotupa kwa githeri ili iive haraka? Hayo nayo yanaweza kuwa na floraidi. Yaani unakimbia ugumu, unaongeza sumu kwa sufuria.

Sasa tuje kwa wakubwa. Uliza ofisi ya maji, jibu ni moja: "Maji ni salama." Salama kwa kipimo gani? Ripoti za WASREB zinapowapa makampuni ya maji alama za ubora, zinaangalia klorini na vijidudu. Hiyo ni muhimu, kipindupindu sio mchezo. Lakini kampuni inaweza kupita huo mtihani vizuri na mtoto wako bado atoke na meno ya kahawia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya habari anayohitaji kuhusu huduma anayolipia. Bili yangu kila mwezi inaniambia yuniti, deni na tarehe ya kukatiwa. Hawajawahi kukosea kuandika deni. Kwani wino unaisha ukifika kwa floraidi?

Watasema watu wataogopa. Waache waogope wakiwa na namba mkononi. Anayejua namba anaweza kuweka mfereji kwa mabati na kuwapa watoto maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Anaweza kutafuta chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo Kanisa Katoliki jimbo la Nakuru limeifanyia kazi miaka mingi. Kampuni nayo inaweza kuchanganya maji ya visima tofauti ili kiwango kishuke. Asiye na namba anabaki kupima maji kwa kipande cha sabuni.

Najua kuna mmoja ataandika kwamba niliacha chuo, nisiongee kemia. Sawa. Basi wewe mwenye digrii, uliyeketi kwa hiyo ofisi, weka karatasi ya maabara mezani. Kusoma kwamba 3 ni kubwa kuliko 1.5 tulifunzwa kabla ya chuo.

Na sisi tuache kulia kwa vibanda. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, kulipeleka ni bure, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Uliza mambo manne: floraidi, ugumu, klorini, vijidudu. Taka tarehe ya kipimo na jina la kisima sampuli ilikotoka, kwa sababu visima viwili mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kabisa. Mwenye kisima cha mitungi muulize hayo hayo kabla hujamlipa. Akikuonyesha povu, mrudishie mtungi wake.

Wakinyamaza siku hizo 21, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua yangu inaingia Jumatatu asubuhi. Barua moja wataitupa kwa droo. Mia mbili zitahitaji kabati, na kabati litahitaji majibu.