Maji ya puani baada ya ajali si mafua

Bodaboda inateleza, abiria anapiga kichwa kwenye lami, anazimia kidogo kisha anasimama. Watu wanampangusa vumbi, wanampa pole na kumpakia kwenye bajaji arudi kwake. Usiku, kila akiinama, tundu moja la pua linadondosha maji maangavu, na kooni anasikia ladha ya chumvi. Nyumbani wanasema ni mafua.

Huenda ni maji ya ubongo. Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kwa siku, na ubongo huelea ndani yake usijigonge kwenye mfupa. Juu ya pua, ubongo umelalia mfupa mwembamba sana, wenye vitundu vinavyopitisha neva za kunusa. Mfupa huo ukipasuka na utando wa ubongo ukachanika, maji hushuka, na bakteria wa puani hupandia njia hiyohiyo. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuzuka siku chache baadaye, au hata baada ya miaka, wakati ajali yenyewe imeshasahauliwa.

Dalili hii haihitaji mashine kuigundua. Kamasi hukausha leso ikawa ngumu. Maji ya ubongo huiacha laini. Yanaweza pia kutokea sikioni. Dalili nyingine ni weusi kuzunguka macho yote mawili, au alama ya damu iliyovilia nyuma ya sikio, ambayo mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja au zaidi. Ndiyo maana aliyeruhusiwa jioni ya ajali aambiwe wazi nini kimrudishe hospitali.

Kuziba pua au sikio kwa pamba ni kosa. Kupenga kamasi pia ni kosa, kwani huweza kusukuma hewa na vijidudu kuelekea ubongoni. Na mhudumu asikimbilie kupitisha mpira wa chakula puani: wapo wagonjwa ambao mpira huo uliingia moja kwa moja kwenye ubongo.

Mivujo mingi huziba yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, mgonjwa akilala kichwa kikiwa juu, bila kujikamua chooni. Ikigoma, upasuaji upo. Mwaka 1926 Walter Dandy wa Marekani alifungua fuvu na kuziba tundu kwa kipande cha utando wa paja. Leo madaktari wengi hupitia puani kwa kamera ndogo. Ndugu wengi hudai antibiotiki za kinga, lakini tafiti zilizokusanywa na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, hazijathibitisha kuwa zinazuia homa ya uti wa mgongo. Chanjo dhidi ya pnemokoki, bakteria anayeongoza kuisababisha, ina hoja nzito zaidi. Kenya inawachanja watoto wachanga tangu 2011; mtu mzima anayevuja maji ya ubongo naye anaistahili.

Elimu ya barabarani isiishie kwenye kofia ngumu. Madereva wa bodaboda ndio wanaofika kwanza kwa majeruhi, kabla ya polisi na nesi. Kila mafunzo ya leseni yawafundishe dalili hii, na kila kituo cha afya kimpe aliyeumia kichwa karatasi ya Kiswahili inayosema: ukiona maji puani au sikioni, usizibe, usipenge, rudi leo.